Kupanda funikula ya kale ukiwa safarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasafiri wanaofika kwenye mji wenye kilima na treni ya kamba ya tangu enzi za mvuke huuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomjia mtu akiwa tayari amesimama kituoni. "Funikula" na "treni ya kamba" nimezitumia kwa maana moja.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema: usiende kwa ajili ya mandhari peke yake. Mandhari ya kilimani utaipata hata kwa teksi. Kisichopatikana kwa teksi ni mashine yenyewe, iliyobuniwa na watu wa karne ya 19 na bado inabeba abiria leo. Ukielewa inavyokwenda, dakika zako chache ndani ya behewa zitakuwa na utajiri mwingine kabisa.

## Mambo ya mwanzo

Funikula ni nini hasa?

Ni reli fupi ya kwenye mteremko mkali, yenye mabehewa mawili yaliyofungwa kwenye kamba ya chuma, moja kila ncha. Kamba hupita kwenye gurudumu kubwa, yaani kapi, lililo kwenye kituo cha juu. Behewa moja likishuka, lingine linapanda. Moja likisimama, yote yamesimama. Halipo linaloweza kuondoka bila mwenzake.

Ina tofauti gani na kebo, treni ya meno au tramu?

Kebo huning'inia hewani. Funikula hukanyaga reli. Treni ya meno, kama ile ya Mount Washington huko Marekani iliyoanza 1869, hupanda kwa gurudumu lenye meno linalong'ata reli ya katikati, na nguvu yake inatoka kwenye injini inayosafiri nayo. Magari ya kamba ya San Francisco, yaliyoanza 1873, hushika kamba inayozunguka bila kukoma chini ya barabara, kisha huiachia yanapotaka kusimama. Kila gari hapo linajitegemea.

Usiyategemee sana majina ya kienyeji. Peak Tram ya Hong Kong ni funikula ingawa inaitwa tramu. Lisbon na Valparaíso funikula huitwa lifti. Na hapohapo Valparaíso ipo Ascensor Polanco ambayo ni lifti kweli: inapanda wima ndani ya kilima, nawe unaifikia kwa kupita kwenye handaki. Ukitaka kujua unachopanda, tazama chini ya behewa. Ukiona reli na kamba, na behewa la pili linakuja upande wa pili, umefika penyewe.

Zinapatikana wapi?

Ulaya ndiyo yenye nyingi kuliko kwingine, hasa Uswisi, Italia, Austria na Ureno. Marekani kuna za Pittsburgh na Los Angeles. Chile ina mkusanyiko wa Valparaíso. Asia kuna Hong Kong, Kilima cha Penang nchini Malaysia, na nyingi za Japani. Afrika Kusini ipo ya Cape Point, lakini hiyo si ya kale. Ilianza miaka ya 1990.

Ipi ni ya kale kuliko zote?

Jibu linategemea neno "kale" umelipa mipaka gani. Kwenye ngome ya Hohensalzburg, mjini Salzburg, kuna njia ya mizigo iitwayo Reisszug inayotajwa kwenye maandishi ya mwaka 1515. Mwanzoni ilikuwa na reli za mbao na kamba ya katani, ikivutwa kwa nguvu za watu au wanyama. Ipo hadi leo, ikiwa na reli za chuma na mota, lakini ni ya mizigo ya ngome na wageni hawaipandi. Wageni hupanda funikula nyingine iliyo kwenye ngome hiyohiyo.

Kwa abiria wa mjini, Lyon ilitangulia mwaka 1862, kwa njia iliyopanda kilima cha Croix-Rousse. Budapest na Pittsburgh zilifuata, zote mbili mwaka 1870. Istanbul ikafungua Tünel Januari 1875, chini ya ardhi kabisa, na ikawa njia ya pili ya treni za mjini za chini ya ardhi duniani baada ya ile ya London ya 1863.

Vituoni utakuta mabango mengi yanayosema "ya kwanza duniani". Soma mwisho wa sentensi. Mara nyingi kuna nyongeza: ya kwanza kwa maji, ya kwanza katika rasi fulani, ya kwanza ambayo bado inafanya kazi. Nyongeza hizo kwa kawaida ni za kweli, na ndizo zenye habari.

Kwa nini nyingi zilijengwa karibu wakati mmoja?

Kamba ya nyaya za chuma zilizosokotwa ilianza kutumika kwenye migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, mwaka 1834. Kabla yake watu walitegemea katani na minyororo, na mnyororo ukikatika pete moja tu, umekwisha. Kamba ya nyaya ina nyuzi nyingi. Zikianza kukatika chache, fundi huziona kabla ya hatari. Ilipokutana na injini ya mvuke iliyosimama mahali pamoja, kazi ya kupandisha watu kilimani ikawezekana.

Sababu ya pili ni namna miji ilivyokua. Viwanda na bandari vilijaa bondeni, nafasi ya nyumba ikabaki juu. Pittsburgh wafanyakazi waliishi kilimani na kushuka viwandani kando ya mto. Valparaíso bandari iko chini na mitaa imeparamia vilima nyuma yake. Funikula ya kwanza, Ascensor Concepción, ilifunguliwa Desemba 1883. Wakati huo basi halikuwepo. Njia mbadala ilikuwa ngazi, punda, au Hong Kong, kiti kilichobebwa mabegani mwa watu. Magari yalipoenea katika karne ya 20, funikula nyingi zilifungwa. Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna watu walizipigania (tazama "Duquesne iliokolewaje?" hapo chini).

## Inavyofanya kazi

Behewa halina injini. Linapandaje?

Kwa kuwa mabehewa mawili yana uzito unaokaribiana, karibu yanasawazishana yenyewe. Mota iliyo kituo cha juu haiinui behewa zima. Inalipia tofauti ya uzito wa abiria na msuguano. Ndiyo maana hata injini hafifu za mvuke za miaka ya 1870 ziliweza. Ni kama ndoo mbili za kisima kwenye kapi moja: ile tupu inayoshuka inamsaidia anayevuta ile iliyojaa.

Kwa hiyo ukiwa unapanda, anayekuinua kwa sehemu kubwa ni yule abiria usiyemjua anayeshuka. Mtakutana katikati ya njia. Mtazame.

Mbona katikati ya njia reli zinagawanyika, na mabehewa hayagongani?

Hapo ndipo mahali pa kupishana, na ndipo penye ubunifu ninaoupenda kuliko wote katika reli hizi. Funikula za mwanzo zilijengwa na njia mbili kamili, reli nne kutoka chini hadi juu, kama ilivyo bado Pittsburgh. Hilo ni ghali, hasa ukichimba handaki. Mhandisi wa Uswisi, Carl Roman Abt, alipata suluhisho lililotumika kwanza kwenye funikula ya Giessbach mwaka 1879: njia moja, reli mbili tu, isipokuwa katikati ambapo hugawanyika na kuungana tena.

Ajabu yake ni kwamba hakuna kinachosogea. Hakuna mtu wa kubadilisha njia, hakuna kipande cha reli kinachohama. Siri iko kwenye magurudumu. Kila behewa lina, upande mmoja, magurudumu yenye ukingo ndani na nje, ambayo hukumbatia reli na kuifuata popote iendapo. Upande wa pili magurudumu ni mapana na bapa, hayana ukingo kabisa, hivyo hupita juu ya mapengo ya reli na juu ya kamba ya mwenzake bila kukwama. Behewa moja magurudumu yake ya ukingo yako kushoto, lingine kulia. Basi kila moja siku zote huenda upande wake, kwa miaka zaidi ya mia.

Ukiwa kituoni kabla ya kupanda, inama utazame magurudumu ya kushoto kisha ya kulia. Ukiona hayafanani, umeona kazi ya Abt.

Ni kweli kuna zinazotumia maji?

Kweli kabisa, na ukipata nafasi ya kuchagua moja tu maishani, chagua hiyo. Chini ya sakafu ya kila behewa kuna tangi. Behewa lililo juu hujazwa maji hadi linakuwa zito kuliko lile la chini pamoja na abiria wake. Breki inaachiliwa, la juu linashuka kwa uzito wake na kulivuta la chini. Likifika chini linamwaga maji, na la juu linajazwa upya. Hakuna mota wala moshi. Kuna mkono wa mtu kwenye breki na sauti ya maji.

Bom Jesus do Monte, karibu na Braga nchini Ureno, inafanya hivyo tangu 1882 na ndiyo ya kale zaidi ya aina hiyo inayoendelea kufanya kazi. Uingereza ipo Saltburn, ya 1884, na ile ya Lynton na Lynmouth, iliyofunguliwa 1890, inayopanda jabali la pwani kwa maji ya mto West Lyn. Wiesbaden, Ujerumani, ipo Nerobergbahn ya 1888. Fribourg, Uswisi, tangu 1899 hutumia maji taka ya mji. Siku nyingine utaisikia harufu, lakini ni matumizi ya busara ya kitu ambacho kingeteremka bondeni hata hivyo.

Aliyesimama mbele ya behewa anafanya nini kama haendeshi?

Inategemea. Kwenye za maji, yeye ndiye mwenye breki, na mwendo wote uko mikononi mwake. Kwenye za umeme, mara nyingi mwendeshaji mkuu hukaa kituo cha juu penye mota, na aliye behewani huangalia milango, njia na breki ya dharura. Nyingine siku hizi zinajiendesha na behewani hakuna mhudumu. Kwa vyovyote, usimwongeleshe wakati behewa linakwenda. Kituoni wengi wao hufurahi kuulizwa.

## Kupanga safari

Nitajuaje kama inafanya kazi siku nitakayofika?

Hili ndilo swali linaloharibu safari nyingi, kwa hiyo lichukulie kwa uzito. Funikula ya kale hufungwa kwa matengenezo ya kila mwaka, na wakati mwingine kwa miezi au miaka mfululizo. Angels Flight ya Los Angeles, iliyoanza 1901, ilifungwa 1969, ikafunguliwa tena 1996 karibu na ilipokuwa, ikafungwa baada ya ajali ya 2001, ikarudi 2010, ikafungwa 2013, ikarudi tena 2017. Kitabu cha mwongozo kilichochapishwa katikati ya tarehe hizo kingeweza kukupotosha.

Fuata tangazo la waendeshaji wenyewe, na ulisome tena siku moja kabla. Za maji zina jambo la ziada: baridi ikigandisha, hazifai. Nerobergbahn hupumzika majira ya baridi. Upepo mkali na radi pia husimamisha safari, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Niende saa ngapi?

Asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Wengi hupenda machweo ili waone taa za mji, na kwa sababu hiyohiyo foleni ya machweo ni ndefu kuliko zote. Behewa la kale hubeba watu wachache, na mabehewa ni mawili tu. Foleni haiwezi kuharakishwa. Ukitaka taa za usiku, panda mchana, tembea juu, kisha shuka mara tu giza linapoingia. Wanaoshuka mapema huwa wachache.

Nikate tiketi ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi?

Ya kwenda tu, kama miguu yako inaruhusu. Panda kwa treni, shuka kwa ngazi au kichochoro kinachofuata njia. Ukishuka kwa miguu utaiona reli kwa pembeni, utaona kamba ikiteleza kwenye vigurudumu vidogo vinavyoibeba, na utaelewa mteremko kwa magoti yako. Katika miji ambako funikula ni sehemu ya usafiri wa umma, kama Naples, Tünel ya Istanbul au Monongahela ya Pittsburgh, nauli huendana na ya mabasi au metro; uliza kama tiketi yako ya basi inakubalika kabla ya kununua nyingine.

Safari inachukua muda gani?

Dakika chache. Angels Flight ina urefu wa mita 91 na kufika ni kama dakika moja. Peak Tram ina zaidi ya kilomita moja, nayo haifikishi dakika kumi. Muda wako uupangie foleni na kilimani.

Kuna zilizogawanyika vipande viwili. Heidelberg, Ujerumani, sehemu ya chini ni ya kisasa, lakini katikati unabadilisha na kupanda mabehewa ya mbao ya njia ya juu iliyofunguliwa 1907. Wageni wengi huishia kwenye ngome iliyo njiani na kuikosa sehemu hiyo ya juu. Inasikitisha, kwa sababu ndiyo bora.

## Ndani ya behewa

Nikae wapi?

Ukipanda, kaa upande wa chini wa behewa, yaani nyuma. Mji utaonekana ukishuka mbele ya macho yako. Ukitaka kuona mahali pa kupishana, kaa mbele. Peak Tram, upande wa kulia unapopanda ndio wenye mandhari ya bandari, na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo wahi.

Mabehewa mengi ya kale yamejengwa kwa ngazi: vyumba vidogo vilivyopandana ili sakafu ya kila kimoja ikae sawa ingawa njia imeinama. Yale ya Budapest yana vyumba vitatu. Chumba cha chini kabisa ndicho changu.

Kwa nini majengo yanaonekana yameinama?

Pale ambapo viti vinalala pamoja na mteremko, kama Peak Tram, mwili wako umeegemea nyuma na dirisha limeinama pamoja nawe. Jicho hulichukua dirisha kuwa ndilo lililonyooka, hivyo minara ya nje inaonekana kama inaangukia kilima. Shikilia kidole wima mbele yako, au tazama uzi unaoning'inia kwenye begi lako, na utaona ukweli. Peak Tram mteremko hufika hadi nyuzi 25.7, na hali hiyo huonekana vizuri zaidi usiku.

Ninaogopa urefu. Nitaweza?

Wengi wanaoogopa kebo huweza funikula, kwa sababu ardhi iko pale chini ya miguu muda wote. Kaa ukitazama juu, katikati ya behewa, usikae kwenye kioo cha nyuma. Au anza na ya handakini: Tünel haina mandhari hata kidogo, na bado inastahili safari.

Je, naweza kuingia na kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto au baiskeli?

Hapa ukale una gharama yake. Behewa la ngazi lilijengwa bila kumfikiria asiyeweza kupanda ngazi, na milango ni myembamba. Zilizojengwa upya, kama Peak Tram ilivyofunguliwa tena Agosti 2022, zimerekebisha hilo. Nyingine zina nafasi kwenye chumba kimoja tu, au vituo vyake vina ngazi hata kama behewa halina. Uliza mambo matatu kwa pamoja: kituo cha chini, behewa, kituo cha juu. Ukiuliza "mnaruhusu?" utajibiwa ndiyo, halafu ukute ngazi juu.

Wenyeji bado wanazitumia, au ni za wageni tu?

Pengi bado zinatumika. Naples ni usafiri wa kila siku. Valparaíso kuna wazee wanaorudi nyumbani na mifuko ya sokoni kwa njia hiyo. Ukiwa mgeni, waachie nafasi saa za kwenda na kutoka kazini, usizibe mlango ukipiga picha, na usiwapige picha watu waliokaa mbele yako kana kwamba ni sehemu ya mapambo. Madirisha ya watu wanaoishi kando ya njia nayo si mandhari.

## Usalama

Kamba ikikatika itakuwaje?

Swali hili linastahili jibu kamili. Funikula hutegemea ulinzi wa tabaka: kamba yenye nguvu inayozidi mzigo mara nyingi, breki kwenye mashine ya juu, na breki zilizo kwenye behewa lenyewe ambazo zinapaswa kubana reli kamba ikilegea au mwendo ukizidi. Mahali ambapo tabaka zote ziko sawa, kamba kukatika ni tukio la kuogofya lakini behewa husimama.

Tatizo ni pale tabaka moja inapobeba kila kitu. Tarehe 3 Septemba 2025, funikula ya Glória mjini Lisbon, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1885, ilianguka na kuua watu 16. Kamba inayounganisha mabehewa mawili ilichomoka mahali ilipofungwa kwenye behewa la juu, na breki zilizobaki hazikutosha kulisimamisha. Ukaguzi wa kuangalia kwa macho ulikuwa umefanyika asubuhi ya siku hiyohiyo, lakini sehemu iliyoachia haikuweza kuonekana bila kufungua mitambo. Waliokufa wengi walikuwa wageni, watu kama wewe na mimi.

Siamini kwamba jibu ni kuacha kuzipanda. Jibu ni kutotosheka na umri. Njia kudumu zaidi ya karne moja hakuthibitishi kwamba iko salama leo; usalama huthibitishwa na kamba inayobadilishwa kwa wakati, breki inayojaribiwa peke yake bila msaada wa kamba, na mkaguzi asiye mwajiriwa wa mwendeshaji. Mji ukifunga funikula yake kwa ukaguzi wakati wa likizo yako, umekufanyia wema.

Ikisimama katikati ya njia nifanye nini?

Kaa. Mara nyingi ni mlango wa behewa la pili haujafungwa vizuri au mtu amegusa kitu. Usifungue mlango wala kushuka kwenye reli: kamba inaweza kuanza kwenda wakati wowote. Wahudumu wana ngazi ya pembeni kwa ajili ya kuwatoa abiria, nao ndio wa kuamua.

Moto ndio tofauti pekee. Mwaka 2000 huko Kaprun, Austria, kwenye funikula ya kisasa ya handakini, moto ulioanzia kwenye hita ya chumba cha dereva kisichotumika uliua watu 155. Moshi ulipanda na handaki likawa bomba la moshi. Kumi na wawili waliotoka ndani ya treni ile wakapona walivunja dirisha na kukimbia kushuka, kupita moto. Kwenye mteremko moshi hupanda. Ukilazimika kuondoka mwenyewe, shuka.

## Historia na maswali ya pembeni

Mabehewa ni yaleyale ya zamani?

Hutofautiana sana. Duquesne Incline ya Pittsburgh bado ina mabehewa ya mbao ya 1877. Funikula ya Budapest iliharibiwa katika Vita ya Pili ya Dunia na kujengwa upya, ikafunguliwa 1986. Tünel sasa hukimbia kwa matairi ya mpira. Peak Tram iko kwenye kizazi cha sita cha mabehewa, na kila moja hubeba watu 210.

Wapo wanaosema iliyojengwa upya si ya kale tena. Mimi naona njia, mteremko na wazo la kusawazisha ndivyo urithi wenyewe, na kamba lazima ibadilishwe kila baada ya muda hata hivyo. Lakini sitajifanya: mbao ya 1877 iliyolainishwa na viganja vya watu ina kitu ambacho chuma kipya hakina.

Duquesne iliokolewaje?

Ilifungwa 1962 ikihitaji matengenezo ambayo mmiliki hakuyaweza. Wakazi wa kilimani walichangisha fedha na kuifungua tena 1963. Mitambo ya asili bado inazunguka kituo cha juu, pamoja na gurudumu la kuendeshea lenye meno ya mbao, na wageni wanaweza kuiona. Ukifika Pittsburgh, usiishie kwenye roshani ya mandhari.

Ni kweli abiria walitengwa kwa madaraja?

Hong Kong, ndiyo. Peak Tram ilipoanza 1888 daraja la kwanza lilikuwa la maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza na wakazi wa kilimani, la pili la askari wa jeshi na polisi, la tatu la watu wengine wote, pamoja na wanyama. Kuanzia 1908 hadi 1949 viti viwili vya mbele viliwekwa kwa ajili ya gavana. Mtu mwingine asingekalia mpaka dakika mbili kabla ya kuondoka. Sheria ya 1904 iliwazuia Wachina kuishi kilimani isipokuwa watumishi, nayo ilidumu hadi baada ya Vita ya Pili ya Dunia.

Hili linafaa kujulikana kabla ya kupanda. Treni iliyowaondolea wachache adha ya kilima ilijengwa katika mji ambao walio wengi hawakuruhusiwa kulala juu ya kilima hicho. Vibao vya historia huwa vinalipitia haraka.

Mbona mteremko unaandikwa asilimia 100 au zaidi? Inawezekana?

Asilimia hulinganisha unavyopanda na unavyosonga mbele. Ukipanda mita moja kwa kila mita moja ya mlalo, hiyo ni asilimia 100, nayo ni nyuzi 45 tu, si wima. Duquesne ina nyuzi 30, karibu asilimia 58. Gelmerbahn ya Uswisi, iliyojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kazi ya bwawa, inafika asilimia 106. Katoomba, Australia, kuna njia iliyoanza kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe yenye nyuzi 52, yaani asilimia 128. Hiyo ina treni moja tu, bila mwenzake wa kuisawazisha. Mashine ya juu ndiyo inayobeba uzito wote.

Iliyofungwa kabisa ina maana kuitembelea?

Ikiwa njia yake inapitika kwa usalama, ndiyo. Mataruma, mashimo ya vigurudumu vya kamba na uwazi wa mahali pa kupishana huonekana miaka mingi baada ya reli kung'olewa, na ukishajua Abt alifanya nini unaweza kuisoma njia yote kwa miguu. Usipande kwenye madaraja yake wala kuingia mahandakini. Na ukikuta kuna kikundi cha wenyeji kinachotaka kuifufua, waulize wanahitaji nini. Mara nyingi wanakusanya picha za zamani, na pengine unayo moja kwenye albamu ya familia.